Bibi wa Ng'ambo ya Kunduchi

Nilifundisha historia miaka mingi kabla ya kustaafu na kujenga huku Wazo, ambako vumbi la kiwanda cha saruji halichagui jani wala paa. Siku moja binti wa kidato cha pili aliniuliza: "Mwalimu, hivi zamani hakukuwa na wanawake waliotawala?" Nikamtajia Suiko wa Japani, aliyetawala tangu mwaka 593 hadi alipofariki mwaka 628. Nikajiona mjuzi! Kumbe jibu lilikuwa jirani. Ukishuka Kunduchi asubuhi, utaziona boti za Unguja zikikata bahari.

Mwishoni mwa karne ya 17 aliyetawala Unguja alikuwa Mwana Fatuma. Mumewe, Abdullah, alikuwa mtawala wa Utondwe, kwenye mrima wetu huu huu, kaskazini ya Bagamoyo. Kwa hiyo huyu bibi si wa visiwani tu. Sisi wa mrima ni wakweze.

Mwaka 1696 Waomani waliizingira Ngome ya Yesu, Mombasa. Humo ndani Wareno na watu wao walikuwa wakiisha kwa njaa na maradhi. Fatuma akawapelekea chakula kwa majahazi. Yakakamatwa, yakachomwa moto, na Unguja nayo ikashambuliwa. Ngome ikaanguka Desemba 1698, na Fatuma akachukuliwa hadi Maskati, akakaa uhamishoni yapata miaka kumi kabla ya kurudishwa kwao. Mwanawe, Hassan, ndiye aliyemrithi.

Wapo wanaomwita kibaraka wa Wareno. Mimi sikubali. Mreno alikuwa amedhoofika, na mdhaifu huishi naye kwa masharti yako. Mwomani alikuja na merikebu na njaa mpya ya kutawala. Bibi alipiga hesabu akakosea, kama walivyokosea wanaume wengi ambao leo tunawaita mashujaa.

Ikulu yake ilikuwa ufukweni, hapo hapo Sultani Barghash alipojenga Beit al-Ajaib mwaka 1883. Jirani yake ni Ngome Kongwe, ambayo Waomani waliijenga palipokuwa na kanisa la Wareno. Watalii hupiga picha hapo kila siku.

Binti yangu, popote ulipo, lile jibu la siku ile nalifuta. Andika: Mwana Fatuma, Unguja.