Kasongo na Kalamu ya Washington

Tarehe 22 Aprili 1893 askari wa Francis Dhanis, ofisa Mbelgiji, waliingia Kasongo, mashariki mwa Kongo. Sefu bin Hamed, mwana wa Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe na watumwa, alishakimbia, na mji wa Wangwana, yaani Waswahili wa huko, uliokuwa makao makuu ya Maniema kwa karibu miaka 20 ukawa mali ya Leopold wa Pili, mfalme wa Wabelgiji. Vita hivyo tumezoea kuviita vita vya Waarabu, ingawa pande zote mbili wengi waliokufa walikuwa Waafrika.

Kwa maoni yangu Kasongo ilikuwa imeshatolewa miaka 9 kabla, siku hiyohiyo ya mwezi. Tarehe 22 Aprili 1884 waziri wa mambo ya nje wa Marekani, Frederick Frelinghuysen, alitangaza kwamba nchi yake inaitambua bendera ya jumuiya ya Leopold iliyoidai Kongo, ya buluu yenye nyota moja ya dhahabu, kuwa bendera ya serikali rafiki. Hakuna dola kubwa iliyotangulia kufanya hivyo. Aliyeitengeneza njia ni Henry Shelton Sanford, aliyewahi kuwa balozi wa Marekani Brussels. Aliwaahidi wakubwa wa Washington biashara isiyotozwa ushuru na mwisho wa biashara ya watumwa. Seneta John Tyler Morgan wa Alabama alivutiwa kwa sababu yake mwenyewe: alitaka Wamarekani weusi wahamishiwe Kongo. Watumwa kweli walikuwa wakipitishwa Kasongo, na vijiji vilivyochomwa vilikuwa na haki ya kuokolewa. Lakini hakuna kijiji hata kimoja kilichoulizwa kinamtaka mwokozi gani.

Marekani ikaketi pia kwenye mkutano wa Berlin kuhusu Afrika, ikatia sahihi, kisha Rais Grover Cleveland akakataa kuupeleka mkataba huo Seneti. Hapo ndipo naiona tabia ya jamhuri hiyo: iliufungua mlango, ikakataa kubeba dhamana ya yaliyopita mlangoni. Aliyeibeba ni raia wake mmoja mweusi, George Washington Williams. Alisafiri hadi Stanley Falls, na mwezi Julai 1890 akamwandikia Leopold barua ya wazi akimshtaki kwa udanganyifu na ukatili. Alifariki mwaka uliofuata.

Mwaka 1964, waasi wa Simba walipoishika Maniema, mkono wa Marekani ulionekana angani: ndege zake ndizo zilizowashusha makomando wa Ubelgiji Stanleyville.

Kisha kalamu ikarudi. Julai 2010 Rais Barack Obama alitia sahihi sheria ya fedha ambayo kifungu chake cha 1502 kiliyataka makampuni yaliyo kwenye soko la hisa la Marekani yaeleze kama bati, tantalamu, tangsteni na dhahabu yao vinatoka Kongo au kwa majirani zake. Sheria haikukataza kununua. Hata hivyo wanunuzi wengi walijitoa, na Septemba Rais Joseph Kabila akasimamisha uchimbaji wa mikono Maniema na katika Kivu zote mbili hadi Machi 2011. Kasiterite na koltani vilikosa soko hata pale ambapo machimbo hayakuwa na mwenye bunduki, na ada za shule zilizotegemea shimo hazikulipika.

Tarehe 27 Juni 2025 karatasi nyingine, ya amani kati ya Kongo na Rwanda, ilitiwa sahihi Washington. Safari hii, tofauti na 1884, mmoja wa walioshika kalamu alikuwa waziri wa Kongo.