Hita ya Dizeli Ndani ya Gari la Kulala: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kuifunga

Na Mwandishi Wetu, Kahama

Mtu anayepita Kata ya Nyasubi, Manispaa ya Kahama, saa nane mchana anaweza kushangaa kusikia kwamba kuna mafundi wanaoulizwa namna ya kufunga hita ndani ya gari. Kahama ipo takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na hata usiku wa Juni na Julai baridi yake huhitaji shuka la ziada tu. Hata hivyo, magari yanayolala Kahama hayabaki Kahama. Mji huu upo kwenye barabara kuu ya mizigo iendayo Rwanda na Burundi, jirani na Bandari Kavu ya Isaka, na dereva aliyelala hapa leo anaweza kulala kesho katika milima ya ng'ambo ya Rusumo au, kwa safari nyingine, Mbeya na Njombe katika msimu wa kipupwe.

Kuna makundi mawili ya magari yanayohusika. La kwanza ni malori yaliyotumika Ulaya, ambayo baadhi huingia nchini yakiwa na hita iliyofungwa tangu kiwandani chini ya kitanda cha dereva. La pili ni magari madogo, hasa Hiace na Coaster, yanayong'olewa viti na kuwekewa kitanda, jiko na kabati ili yatumike kama makazi ya muda na watafiti wa madini, wapiga picha, wafanyabiashara wa minadani au watalii. Makala haya yanahusu zaidi kundi la pili, kwa kuwa huko ndiko hita hufungwa na fundi wa mtaani akiwa na kifaa kilichonunuliwa kwenye boksi, mara nyingi bila maelekezo ya lugha anayoielewa.

Hita ya aina hii si teknolojia mpya. Kampuni mbili za Kijerumani zilizoieneza, Eberspächer na Webasto, zote zilianzia mji wa Esslingen, ya kwanza mwaka 1865 na ya pili mwaka 1901. Vifaa vya bei nafuu vinavyouzwa sasa kutoka China vinafuata kanuni ileile. Pampu ndogo ya umeme huvuta dizeli tone kwa tone kutoka kwenye tangi, plagi ya kuwashia huipasha mpaka iwake, na moto huo huunguzia ndani ya chumba cha chuma kilichozibwa. Feni hupitisha hewa ya ndani ya gari juu ya ukuta wa nje wa chumba hicho, ikapata joto na kurudi kwa wasafiri.

Kwa maneno mengine, ndani ya kifaa kimoja kuna njia mbili za hewa ambazo hazipaswi kukutana kamwe. Njia ya kwanza ni ya hewa ya kuunguzia, inayoingia kutoka nje na kutoka kama moshi kupitia ekzosi ndogo chini ya gari. Njia ya pili ni ya hewa ya kupumua. Karibu kila kosa la hatari katika ufungaji ni kosa la kuzikutanisha njia hizi.

Moshi wa dizeli isiyoungua vizuri una gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Gesi hiyo hushikamana na chembechembe nyekundu za damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni kwa zaidi ya mara 200, hivyo mwili hukosa hewa ingawa mtu anaendelea kupumua. Wananchi wanaifahamu hatari hii kupitia jiko la mkaa linaloachwa ndani ya chumba kilichofungwa wakati wa baridi. Ndani ya gari hatari ni kubwa zaidi kwa sababu nafasi ni ndogo na madirisha hufungwa kwa kuogopa wezi na mbu. Dalili zake ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na uchovu, na katika Kanda ya Ziwa mtu mwenye dalili hizo hudhani ana malaria, akameza dawa na kurudi kulala palepale.

Kwa hiyo, yeyote atakayeamka na dalili hizo ndani ya gari lenye hita atoke nje kwanza, awatoe wenzake, kisha wafike kituo cha afya na kumweleza mhudumu kwamba walilala karibu na kifaa kinachounguza mafuta. Maelezo hayo ni muhimu, kwani kipimo cha kidoleni cha oksijeni huweza kuonesha hali ya kawaida wakati damu imejaa kaboni monoksaidi.

Ufungaji wenyewe huanza kwa kujua gari linatumia nini. Hiace nyingi ni za petroli, na hita ya dizeli haipaswi kuunganishwa na tangi la petroli kwa namna yoyote ile. Mwenye gari la petroli atahitaji tangi dogo la pekee, lenye mfuniko unaofunga barabara na kufungwa nje ya sehemu ya kulala. Madumu ya maji yaliyotobolewa mfuniko, ambayo yameonekana yakitumika, hayafai. Vilevile, fundi ahakikishe umeme wa gari: malori na Coaster nyingi za dizeli ni za volti 24, ilhali Hiace ni volti 12, na hita huuzwa kwa aina zote mbili.

Ukubwa nao una maana yake. Kwa gari la ukubwa wa Hiace, hita ya kilowati 2 inatosha. Wanunuzi wengi huchukua ya kilowati 5 kwa kuwa tofauti ya bei ni ndogo, lakini hita kubwa katika nafasi ndogo hufanya kazi muda wote ikiwa imepunguzwa, moto wake hauchangamki, na masizi hujaa ndani ya miezi michache. Hita ya kilowati 2 hutumia takriban lita 0.1 hadi 0.28 za dizeli kwa saa, kiasi ambacho kwa usiku mmoja hakizidi lita moja na nusu au mbili hivi.

Hita hukaa juu ya sakafu ya bati, juu ya kipande cha chuma na gasketi yake, huku bomba la mafuta, bomba la hewa ya kuunguzia na ekzosi vikishuka moja kwa moja nje kupitia tundu lililozibwa. Ekzosi na viungio vyake visibaki ndani ya gari hata sentimita moja. Bomba hilo hupata joto la mamia ya nyuzi, kwa hiyo lisipite karibu na nyaya, mpira wa breki, tangi wala mbao za sakafu. Literemke kidogo ili maji yanayojikusanya yatoke, na mdomo wake uishie pembeni mwa gari, mbali na mlango, dirisha na bomba linalovuta hewa ya kuunguzia. Wapo wanaoliishiza katikati chini ya gari kwa kuona kwamba linapendeza zaidi likifichika. Moshi hujikusanya hapo na kupanda kupitia matundu ya sakafu.

Pampu ya mafuta ifungwe kwa mshazari, upande wa kutolea ukiwa juu, ili mapovu yasikae ndani yake. Bomba lake liwe lile gumu na jembamba lililokuja na kifaa, kwa kuwa mpira mnene huruhusu mapovu kukusanyika na moto huanza kuzimika na kuwaka tena. Mlio wa tik-tik wa pampu ni wa kawaida.

Kuhusu umeme, nyaya zote mbili ziende moja kwa moja kwenye betri, waya chanya ukiwa na fyuzi yenye kiwango kilichoandikwa na mtengenezaji. Kwa mfumo wa volti 12, wakati wa kuwaka hita huvuta takriban ampea 8 hadi 10 kwa dakika chache, kisha hushuka hadi ampea 1 au 2. Waya mwembamba huangusha volti wakati huo wa mwanzo na hita hukataa kuwaka, jambo ambalo wengi hulilaumu kifaa. Ikizimwa, feni huendelea kuzunguka kwa dakika kadhaa ili kupoza chumba cha moto. Anayekata umeme ghafla kwa swichi kuu anaiunguza hita yake mwenyewe.

Suala linalosahaulika zaidi, na ambalo kwa Kahama lina uzito wa pekee, ni mwinuko. Hewa ya mita 2,000 ni nyepesi kwa karibu asilimia 20 kuliko ya pwani, lakini pampu ya hita huendelea kutoa dizeli kwa kipimo kilekile. Matokeo yake ni mafuta mengi kwa hewa kidogo, yaani moshi mweusi, masizi na kaboni monoksaidi zaidi. Watengenezaji wengi huweka ukomo wa karibu mita 1,500 kwa matumizi ya mfululizo bila kifaa cha kurekebisha mwinuko. Hita iliyojaribiwa Nyasubi na kuonekana safi ipo chini ya ukomo huo. Ikifika Mbeya, kwenye takriban mita 1,700, au kingo za Ngorongoro kwenye mita 2,300 hivi, ni kama kifaa kingine. Anayetarajia kusafiri huko anunue yenye uwezo wa kurekebisha mwinuko, na fundi amwoneshe namna ya kuutumia kabla hajalipwa.

Ndani ya gari kiwekwe kitambuzi cha kaboni monoksaidi chenye king'ora, karibu na usawa wa kichwa cha anayelala. Kitambuzi cha moshi wa kawaida hakiihisi gesi hii. Ikiwa fedha haitoshi kununua hita na kitambuzi kwa pamoja, hita isubiri.

Kwa upande wa sheria, Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, hairuhusu gari lenye hali inayohatarisha watu kutumika barabarani. Mmiliki anayebadilisha gari la abiria kuwa la kulala anapaswa pia kuwasilisha mabadiliko ya taarifa za kadi ya gari kwa Mamlaka ya Mapato Tanzania, na ni busara kuijulisha kampuni ya bima, kwani tukio la moto kwenye gari lililobadilishwa bila taarifa huleta mgogoro wa fidia.

Hita izimwe kabla ya kuingia kituo cha mafuta, kwa kuwa ndani yake kuna moto unaowaka hata kama injini imezimwa. Katazo hili linawahusu zaidi madereva wa malori ya mafuta wanaopita Kahama kwenda nchi jirani na wanaosafirisha baruti kwenda migodini. Hao wasiiwashe kabisa wakiwa na mzigo. Katika maegesho ya malori, ambako magari hubanana, dereva aangalie ekzosi yake inaelekea wapi, kwani moshi wa mmoja unaweza kuingia kwenye dirisha la utingo aliyelala gari la pili. Na kuanzia Juni, nyasi za Shinyanga zikiwa zimekauka na pamba ikiwa barabarani, gari lisiegeshwe juu ya majani huku hita ikiwaka. Moto ukitokea, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji linapatikana kwa namba 114.

Mwenye hita asiyesafiri mara kwa mara aiwashe walau mara moja kwa mwezi kwa dakika 15 hadi 20 kwa nguvu yote, ili kuchoma masizi na kuondoa mafuta yaliyolala kwenye bomba. Kabla ya kuiwasha baada ya kukaa muda mrefu, ainame na kuchungulia mdomo wa ekzosi na wa bomba la hewa. Nyigu wa udongo hupenda matundu ya ukubwa huo, na kiota kimoja kinatosha kuziba njia ya moshi.