Amplifaya ya awali ya katriji ya kipima mkazo

Amplifaya ya awali ya katriji ya kipima mkazo ni saketi ndogo inayoilisha umeme katriji ya santuri isiyo na sumaku, ikapokea ishara yake, ikaisawazisha na kuikuza kabla ya kuipeleka kwenye amplifaya kuu. Fundi redio mwenye mkono mtulivu anaweza kuiunda kwa vipuri vichache. Makala hii inaieleza kwa kuzingatia hali ya Mahagi-Port, bandari ndogo ya Ziwa Albert mkoani Ituri, na miji mingine ya mashariki mwa Kongo ambako nyumba nyingi hutegemea sola na batri ya volti 12. Kwa saketi hii, batri ni chanzo bora kuliko umeme wa gridi.

Asili

Vipima mkazo vya waya vilibuniwa Marekani mwaka 1938 na Edward Simmons na Arthur Ruge, kila mmoja kwa njia yake. Mwaka 1954 Charles S. Smith alionyesha kwamba silikoni na gerimani hubadili ukinzani wake mara nyingi zaidi ya metali zikikunjwa. Ugunduzi huo ndio uliowezesha kijipande chembamba kushikizwa kwenye mkono wa sindano na kutoa ishara ya kutosha. Katika miaka ya 1970 Panasonic iliuza katriji za aina hii, Sao Win akatengeneza zake, na baadaye Peter Ledermann wa Soundsmith akaifufua teknolojia hiyo.

Tofauti na katriji ya sumaku

Katriji ya sumaku hutoa umeme pale tu sindano inapokwenda, na volti hupanda kadiri mwendo unavyoongezeka. Kipima mkazo husoma mahali sindano ilipo. Ukiisukuma pembeni na kuishikilia hapo, ukinzani wake hubaki umebadilika. Kwa hiyo amplifaya ya kawaida ya santuri haiifai: haina mkondo wa kuilisha, tena usawazishaji wake huzidisha besi na kuzamisha sauti nyembamba.

Usawazishaji

Kanuni ya RIAA ya kusawazisha sauti za santuri, iliyoenea kuanzia 1954, ina vipindi vitatu: mikrosekunde 3180, 318 na 75, yaani hezi 50, 500 na 2122. Kwa katriji inayosoma mahali, kanuni hiyo hudai mambo mawili tu. Kwanza, kupunguza sauti zilizo chini ya hezi 50. Pili, kupandisha ngazi moja kati ya hezi 500 na 2122, ambayo jumla yake ni desibeli 12.5. Wako wanaosema kwamba katriji hizi hazihitaji usawazishaji wowote. Ngazi hiyo ikiachwa bila kitu kingine cha kuifidia, matoazi na herufi kama “s” husikika kana kwamba mwimbaji amefunikwa blanketi. Ikiwa mtengenezaji amekwisha kurekebisha sauti ndani ya katriji yenyewe, maelezo yake ndiyo ya kufuatwa.

Ujenzi

Tuchukue mfano wa kipima mkazo chenye ukinzani wa omu 500. Kila upande, kushoto na kulia, hujengwa hivi:

1. Kutoka batri, pitisha umeme kwenye rezista ya omu 100, kisha weka kapasita ya mikrofaradi 1000 kwenda ardhini. Kichujio hiki hupunguza kelele zilizo juu ya hezi 1.6, na kadiri zinavyokuwa juu zaidi ndivyo hupungua zaidi.

2. Kutoka hapo, rezista ya omu 1500 hulisha katriji. Mkondo ni volti 12 kwa omu 2100, yaani takriban miliampea 5.7. Usizidishe, kwani kijipande hupata joto na joto hubadilisha ukinzani wake.

3. Ishara huchukuliwa juu ya katriji kupitia kapasita ya nanofaradi 68 hadi rezista ya kiloomu 47, ambayo mguu wake wa pili umefungwa kwenye nusu ya volti ya batri. Kapasita hii hufanya kazi mbili: huzuia volti tuli isipite, na hukata sauti zilizo chini ya hezi 50. Tumia ya filamu, kwa sababu ya seramiki huongeza kelele zake.

4. Nusu ya kwanza ya chipu NE5532 huikuza ishara mara kumi hivi.

5. Hufuata ngazi: rezista ya kiloomu 33 sambamba na kapasita ya nanofaradi 10, kisha rezista ya kiloomu 10 kwenda kwenye nusu ya volti. Nusu ya pili ya chipu hurudisha nguvu iliyopotea hapo.

Kelele ya batri na sola

Kelele yoyote ya batri inayovuka kichujio hupita kwenye kijipande na kuungana na muziki. Kidhibiti cha chaji cha sola hukatakata mkondo, na inveta huvuma. Wakati wa kusikiliza, zima inveta na uchomoe paneli. Jioni, jua likishazama na batri ikiwa imejaa, ndio wakati mzuri zaidi wa kusikiliza.

Upimaji

Kabla ya kuteremsha sindano, weka mita juu ya katriji: volti iwe karibu 2.9. Ikisoma 12, waya umekatika. Ikisoma sufuri, kuna shoti. Kisha gusa mkono wa sindano kwa unyoya wa kuku. Volti itacheza kidogo, ndiyo dalili kwamba kijipande ki hai. Sauti ya amplifaya kuu iwe imefungwa, uifungue baada ya hatua nyingine zote, maana umeme unapoingia hutoa kishindo kinachoweza kuharibu spika.

Santuri za kale

Santuri za mizunguko 78, kama zile za awali za lebo ya Ngoma iliyoanza Léopoldville mwaka 1948, zilitangulia RIAA. Kwa jumla, ngazi ya sauti nyembamba peke yake haizitoshi: nyingi zilirekodiwa bila kuongezewa sauti nyembamba, kwa hiyo katriji inayosoma mahali hudai zipandishwe zaidi. Kidhibiti cha sauti nyembamba cha amplifaya kuu, kikiwapo, humwezesha msikilizaji kuchagua kwa sikio. Sindano nayo ibadilishwe, kwani mfereji wa 78 ni mpana na hutaka ncha ya takriban mikroni 70, ilhali LP hutaka karibu 18. Sindano nyembamba huzama hadi chini ya mfereji na kukwangua vumbi la miaka mingi. Santuri iliyohifadhiwa sandukuni tangu enzi za babu haipaswi kuumizwa na chombo kilichoundwa ili isikike tena.