Tafsiri na Ufukuzaji: Kesi ya Mugesera, 1992–2016

Tarehe 22 Novemba 1992, huko Kabaya, Léon Mugesera alitoa hotuba kwa Kinyarwanda iliyoutaja Mto Nyabarongo kuwa njia ya kuwarudisha Watutsi Ethiopia. Mwaka uliofuata alihamia Kanada, na humo maneno yale yakawa kiini cha kesi ya kumfukuza nchini. Mwaka 2003 Mahakama ya Rufaa ya Shirikisho iliifasiri hotuba kwa namna iliyomwondolea hatia. Mwezi Juni 2005 Mahakama ya Juu ilitengua uamuzi huo. Sheria ya uhamiaji haikudai hukumu ya jinai: kuwepo kwa sababu za kutosha za kuamini kuwa alitenda uhalifu dhidi ya ubinadamu kulitosheleza. Rwanda ilifuta adhabu ya kifo mwaka 2007; Mugesera alifikishwa Kigali Januari 2012, na Aprili 2016 akahukumiwa kifungo cha maisha.

Hivyo ufukuzaji ulitangulia hukumu, nao uliegemea maana ya hotuba. Pale kiwango cha ushahidi kinapokuwa cha chini, tafsiri hubeba mzigo mzito zaidi. Kwa hiyo yafaa ihesabiwe kuwa ushahidi: mfasiri ahojiwe, na matini asilia yawekwe mbele ya pande zote.