Tahadhari kwa Warushaji wa Droni Ngara na Biharamulo
Hifadhi ya Taifa Burigi-Chato, iliyoanzishwa mwaka 2019 kwa kuunganisha mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi, inazifikia Wilaya za Ngara na Biharamulo, ambako wananchi wanalima.

Tembo hukimbia mlio wa droni, unaofanana na wa nyuki. Katika maeneo ya Serengeti na Tarangire, askari wa wanyamapori wameutumia kuwaondoa tembo mashambani. Hivyo, mpiga picha anayerusha droni kutoka upande wa hifadhi anaweza kuwasukuma tembo kwenye mazao na makazi. Akiwaona wanahamaki, aiondoe droni mara moja.

Kurusha droni kunahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga (TCAA). Ndani ya hifadhi, kibali cha TANAPA pia.