Udongo wa Srebrenica: Ushahidi Uliofukuliwa Mara Mbili

Kila mwaka ninapoanza kufundisha vyanzo vya historia, wanafunzi wangu huorodhesha nyaraka, masimulizi ya wazee, magazeti na picha. Ni nadra kumsikia anayetaja udongo. Hapo ndipo ninapowasimulia habari za Srebrenica.

Mji huo wa Bosnia, uliokuwa umetangazwa na Umoja wa Mataifa kuwa eneo salama, ulitekwa na jeshi la Waserbia wa Bosnia tarehe 11 Julai 1995. Katika siku chache zilizofuata, wanaume na wavulana Waislamu zaidi ya 7,000 waliuawa. Wengi walifukiwa katika makaburi ya halaiki karibu na mahali walipopigiwa risasi: kwenye shamba la Branjevo, kwenye bwawa karibu na Petkovci, na ukingoni mwa mto Drina huko Kozluk. Mwezi Agosti, Marekani ililionyesha Baraza la Usalama picha zilizopigwa kutoka angani za sehemu zilizodhaniwa kuwa na makaburi ya halaiki.

Wiki chache baadaye mitambo ya kuchimbia ilirudi makaburini. Miili ilizolewa, ikapakiwa kwenye malori na kufukiwa upya katika mashimo ya mbali. Mitambo iliikatakata, hata mabaki ya mtu mmoja yakapatikana baadaye katika makaburi zaidi ya moja. Lengo lilikuwa kuifuta historia.

Lakini mtambo hauwezi kuuzoa mwili na kuuacha udongo. Wachunguzi wa Mahakama ya Kimataifa ya Yugoslavia ya zamani walipofukua makaburi ya pili, walikuta ndani yake udongo usiofanana na ule wa mahali pale. Wataalamu walilinganisha madini na chavua za mimea zilizomo na sampuli kutoka makaburi ya awali. Katika makaburi ya pili kando ya barabara ya Čančari kulikuwa na vipande vya chupa kama vilivyotapakaa Kozluk, ambako taka za kiwanda cha vinywaji zilikuwa zikitupwa. Chupa hizo hazikujipeleka huko.

Tusiutwishe udongo mzigo usiouweza. Kufanana kwa sampuli mbili peke yake hakumtii mtu hatiani. Nguvu ya ushahidi huu ilitokana na kuunganishwa na mengine: maganda ya risasi, vitambaa vilivyofungwa machoni mwa wafungwa, kamba za mikononi, na baadaye vinasaba. Vyote vilielekeza njia moja.

Karatasi nazo zilizungumza. Mahakamani iliwasilishwa amri ya makao makuu ya jeshi hilo ya tarehe 14 Septemba 1995, iliyoidhinisha tani 5 za dizeli kwa ajili ya kazi za uhandisi. Watumishi wa umma wanaonisoma waitafakari karatasi hiyo. Makaburi hayahamishwi kwa chuki pekee. Huhitaji mafuta, madereva, zamu na sahihi ya mtu aliye ofisini.

Mwaka 2001 Jenerali Radislav Krstić alitiwa hatiani kwa mauaji ya kimbari. Rufaa ya mwaka 2004 ilimpunguzia kosa kuwa la kusaidia, na kifungo kutoka miaka 46 hadi 35, lakini ilishikilia kwamba mauaji ya kimbari yalitendeka. Mahakama dada ya Arusha, iliyosikiliza kesi za Rwanda, ilijenga hukumu zake kwa kiasi kikubwa juu ya sauti za walionusurika. Huko Bosnia walionusurika viwanjani pa mauaji walikuwa wachache mno, na ardhi ikalazimika kujaziliza ushahidi wao.

Ubishi haujaisha. Mwezi Mei 2024, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipopigia kura siku ya kuwakumbuka wahanga hao, nchi 84 ziliunga mkono, 19 zilipinga na 68 zilijizuia.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Mimi naongeza kwamba haijifupishi yenyewe. Udongo wa Srebrenica ulisema kwa sababu kuna watu walioinama, wakauchota kwa uangalifu, wakaandika umetoka wapi, nao ukahifadhiwa hadi ulipofika mbele ya majaji. Taifa lisilowaandaa watu wa namna hiyo, wala kuwalinda, huwaachia wenye mitambo kazi ya kuandika historia yake.