Safari ya Ulaya Mwezi wa Aprili

Wiki hii siasa itanisamehe, kwani nina jambo la nyumbani kwangu linalonikosesha usingizi, na kila nikiligeuza huku na huku nakuta limeingia katika historia.

Binti yangu wa mwisho, aliyeolewa akahamia Uingereza, anatarajia kujifungua wiki ya mwisho ya Aprili. Kwa mila zetu mnajua: binti akijifungua, mama hufunga mzigo akaenda kumlea mzazi mpaka arubaini itoke. Basi nimeambiwa nikate tikiti. Swali linalonisumbua ni dogo tu: Aprili huko kwao huwaje? Nimewauliza watu watatu waliopata kuishi kule, nikapata majibu manne. Wa kwanza alisema nichukue koti zito. Wa pili alisema yeye Aprili alikuwa akivaa shati la mikono mifupi na kujilaza kwenye majani bustanini. Wa tatu alisema nichukue nguo za baridi na za joto pamoja na mwavuli, kisha akafikiri kidogo akasema mwavuli niuache, upepo utauvunja.

Sisi watu wa pwani tunaona taabu kulielewa jambo hili, kwa kuwa tumelelewa na upepo wenye ahadi. Kaskazi ikivuma, kati ya Desemba na Machi, majahazi ya Arabuni, ya Ghuba na ya Bara Hindi yalikuja. Kusi ikishika, tangu Aprili, yalirudi, tena yakifanya haraka kabla haijawa kali mno katika Juni na Julai. Manahodha wa zamani walihesabu siku tangu Nairuzi, kumi kumi, kila kumi wakiiita mwongo, na kwa hesabu ile walijua lini kushusha chombo na lini kukipandisha pwani. Aliyechelewa alikaa bandarini mpaka msimu mwingine, akaoa, akazaa, na nusu ya koo za miji yetu zina babu wa namna hiyo. Sisemi kwamba hewa yetu haikosei. Mvua za mwaka 1997 na 1998 zilizong'oa madaraja hakuna aliyezisahau. Lakini nahodha aliyeulizwa Aprili ni mwezi gani, alikuwa na jibu.

Mwingereza hana. Visiwa vyake vimekaa njia panda. Upepo wa magharibi humletea hewa ya Bahari ya Atlantiki yenye majimaji, upepo wa kaskazini humletea hewa ya barafu kutoka ncha ya dunia, upepo wa mashariki humletea hewa ya bara, kavu. Nusu ya pili ya Aprili jua la London hupanda juu kama lile la mwisho wa Agosti, lakini bahari inayowazunguka bado imeshika baridi ya miezi iliyopita. Kwa hiyo upepo ukigeuka usiku, asubuhi ni nchi nyingine. Mwaka 1908, baada ya Pasaka kupita na miti kuanza kuchipua, theluji nzito iliangukia kusini ya Uingereza kuanzia tarehe 23 Aprili. Na tarehe 2 Juni 1975, mchezo wa kriketi ulisimamishwa katika mji wa Buxton kwa sababu uwanja ulikuwa mweupe kwa theluji. Juni, nasema! Siku si nyingi baadaye watu wale wale walikuwa wakilalamikia joto.

Sasa watu wenye hewa kama hiyo, na wenye merikebu nyingi baharini, walifanyaje? Hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo.

Usiku wa kuamkia tarehe 26 Oktoba 1859, merikebu iliyoitwa Royal Charter, ikitoka Melbourne kwenda Liverpool, ilitupwa kwenye miamba ya kisiwa cha Anglesey. Abiria wengi walikuwa watu waliotoka kuchimba dhahabu Australia, na inasimuliwa kuwa wengine walizama kwa uzito wa dhahabu waliyoifunga kiunoni. Walikufa watu kama 450, nao walikuwa karibu kabisa na nyumbani. Katika tufani ile ile vilipotea vyombo zaidi ya 130.

Palikuwa na afisa mmoja wa jeshi la majini, Robert FitzRoy. Jina lake huenda mmelisikia pembeni ya jina la mtu mwingine, kwa sababu ndiye aliyekuwa nahodha wa Beagle, merikebu iliyomzungusha Charles Darwin duniani kuanzia mwaka 1831 hadi 1836. Tangu 1854 serikali ilikuwa imempa ofisi ndogo ya kukusanya takwimu za hali ya hewa baharini. Kukusanya tu. FitzRoy aliona kwamba tufani ile ilikuwa imeanza mahali pengine kabla ya kufika Anglesey, na kwamba simu za waya zinakwenda mbio kuliko upepo. Akapanga vituo pwani vimpelekee habari za upepo na joto kila siku, na kuanzia Februari 1861 akawa anaamuru bandari zipandishe mlingotini alama kubwa za turubai, zenye umbo la pia na la ngoma, kuonya kuwa upepo mkali unakuja. Tarehe 1 Agosti mwaka ule ule gazeti la The Times lilichapa makadirio yake ya hali ya hewa kwa watu wote.

Alichagua neno lake kwa uangalifu. Alisema wazi kwamba kazi yake si uaguzi, ni maoni yanayotokana na hesabu na vipimo. Sisi katika Kiswahili tumekwenda kinyume chake, tukasema "utabiri", neno tunalompa pia mpiga bao na mfasiri wa ndoto, halafu mvua isiponyesha tunamkasirikia mtangazaji kana kwamba alikula kiapo.

FitzRoy naye hakuepuka hasira hizo. Magazeti yalimcheka alipokosea, wanasayansi wakasema anabahatisha, na matajiri wenye mashua za uvuvi hawakupenda vyombo vikae bandarini kwa sababu ya turubai lililopandishwa mlingotini. Mtazame nani alikuwa anahesabu nini. Tajiri alihesabu samaki wa siku moja. Baharia aliyelala kwake usiku ule hakuwa na gazeti la kuandikia. FitzRoy alikuwa amekwisha tumia mali yake katika kazi za umma, afya ikaharibika, akaingia huzuni, na tarehe 30 Aprili 1865 alijiua. Rafiki zake walilazimika kuchanga fedha kwa ajili ya mjane na watoto, na Darwin alitoa pauni 100. Mwaka uliofuata kamati ya wataalamu iliikosoa kazi yake, na maonyo yakasimamishwa. Nani walipiga kelele yarudishwe? Watu wa pwani, mabaharia na wavuvi. Yalirudi mwaka 1867, lakini makadirio ya magazetini yalingoja mpaka 1879. Mwaka 2002 eneo moja la bahari katika taarifa za hali ya hewa za Uingereza lilipewa jina la FitzRoy, na jina hilo husomwa redioni hadi leo.

Wataalamu wa leo wana mitambo na setilaiti, na inakadiriwa kwamba kila miaka kumi wamejiongezea siku moja ya kuona mbele. Lakini mpaka upo. Mmarekani Edward Lorenz aliugundua mwaka 1961, alipoipa kompyuta yake tarakimu 0.506 badala ya 0.506127, akaenda kunywa kahawa, akarudi akakuta hewa ya kwenye mtambo imekuwa nyingine kabisa. Tangu hapo wanajua kwamba ukipita wiki mbili hivi, hata aliye bora kati yao hawezi kukuambia siku fulani itakuwaje.

Mnaweza kusema, mama huyu anahangaika bure, si anunue koti tu. Ngojeni niwaambie kisa cha 2010.

Mwaka ule binti yangu mkubwa ndiye aliyekuwa mjamzito, naye yuko London. Alhamisi tarehe 15 Aprili niliondoka Dar es Salaam na mvua ya masika, nikafika Nairobi nibadilishe ndege. Siku moja kabla, mlima wa moto ulioko Aisilandi, Eyjafjallajökull, ulikuwa umelipuka chini ya barafu. Mlima ni mlima, lakini ni upepo wa kaskazini-magharibi ulioyachukua majivu ukayatandaza juu ya Ulaya, ukavuma hivyo hivyo siku baada ya siku. Anga ya Uingereza ikafungwa mpaka usiku wa tarehe 20. Safari za ndege kama 100,000 zilifutwa. Wakulima wa Kenya walitupa maua na mboga kwa tani, kwa sababu soko lao lilikuwa ng'ambo ya majivu yale. Nami shirika la ndege liliniambia nisubiri saa moja, halafu saa mbili, halafu likaacha kuniambia. Mjukuu wangu alizaliwa Jumapili, mimi nimelala juu ya kiti. Nilifika siku tisa baada ya kutoka nyumbani, nikakuta jirani Mwingereza, mwanamke mwema sana, ndiye aliyemkanda binti yangu kwa maji ya moto, kwa maelekezo ya simu.

Basi safari hii nimeipanga kwa kufuata FitzRoy kuliko rafiki zangu watatu. Kwanza nimeacha kuuliza Aprili huwaje. Nimekata tikiti ya tarehe 10, wiki mbili na zaidi kabla ya siku zake, na pale pa kubadilisha ndege nimechukua nafasi ya kulala usiku mmoja, si saa moja na nusu waliyotaka kuniuzia kwa bei nafuu. Tikiti yenyewe inabadilika, ingawa imenigharimu. Nguo nitazipanga siku nne kabla ya safari, baada ya kusoma taarifa ya hali ya hewa, maana kabla ya hapo nitakuwa napiga bao. Za kuvaa moja juu ya nyingine, niweze kupunguza mchana na kuongeza jioni, na jioni kule mwezi ule huchelewa, jua huzama karibu saa mbili usiku.

Koti nimeazima kwa shoga yangu. Yeye ndiye yule wa shati la mikono mifupi. Nilipomuuliza kwa nini basi alinunua koti, aliniambia alilinunua Aprili.